Ndiyo, Bado au Hapana: Kumchagua Mgonjwa wa Upasuaji wa Urembo wa Uso

Kila kundi jipya la madaktari vijana likiingia kitengo cha upasuaji wa plastiki, maswali ni yale yale. "Daktari, dada huyu anataka pua ipunguzwe, nimpe tarehe?" "Mama ana miaka 58 na presha, kope zake zinafanyika?" "Kaka amekuja na picha kwenye simu, nianzie wapi?" Nimeyajibu koridoni, nimeyajibu kwa ujumbe wa sauti saa nne usiku, na sasa nayaweka mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa daktari anayeanza kuwaona watu wanaotaka kubadili sura: pua, kope, masikio, kidevu, ngozi iliyolegea mashavuni na shingoni. Majeraha ya ajali, makovu ya moto na mdomo wazi sivigusi hapa. Huko mwili una shida na swali ni lini na kwa njia gani. Huku mtu anaingia akiwa mzima. Ukimkata na mambo yakaharibika, hakuna ugonjwa wa kuulaumu, umebaki wewe na kisu chako.

Jambo moja ulishike kabla hatujaenda mbali. Majibu ni matatu: ndiyo, bado, hapana. Anayeanza hujua mawili tu. Akiona hatari anakataa, asipoiona anakubali. Kumbe wagonjwa wengi wapo katikati, kwenye "bado". Anayevuta sigara ni bado. Aliyetalikiwa mwezi jana ni bado. Mwenye sukari iliyopanda ni bado. Ukiijua kazi ya neno hilo utawakatalia wachache sana, na utawakata wachache zaidi kwa makosa.

Tena nasema mgonjwa, ingawa kliniki nyingi siku hizi zinasema mteja. Mteja akiwa na hela yake anauziwa anachotaka. Mgonjwa hauziwi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Chumba chenye mlango unaofungika. Dada aliyevaa mtandio hatauvua mbele ya foleni, na kovu lililoko nyuma ya sikio hutaliona.
- Dakika 45 za mgonjwa mmoja. Kama kliniki yako inakupa dakika 10, mpangie siku nyingine.
- Kioo cha mkononi, cha kawaida, kisichokuza.
- Kamera au simu nzuri, ukuta wa rangi moja, na taa isiyotoka upande mmoja.
- Mashine ya presha, kipimo cha sukari, na vikaratasi vya kupimia machozi kama unafanya kope.
- Nesi au mhudumu mwenzako chumbani wakati wa kumkagua mgonjwa wa jinsia nyingine.
- Namba ya daktari wa afya ya akili au mwanasaikolojia ambaye mmeshazungumza na anajua utamtumia watu wa aina gani. Usianze kumtafuta siku unayomhitaji.
- Fomu ya kuandikia kila kitu, pamoja na maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema.

Hatua ya 1: Mwache aseme kwanza

Usimwangalie usoni ukataja kasoro. Hili ndilo kosa la kwanza la wanaoanza, na ni baya. Mama amekuja kwa ajili ya kope, wewe unamwambia "na hizi taya pia tunaweza kuzinyanyua." Umempa kidonda ambacho hakuja nacho.

Uliza: "Nini kimekuleta leo?" Kisha nyamaza. Andika maneno yake. "Nina nundu hapa juu ya pua tangu nianguke nikiwa darasa la saba" ni sentensi ya mgonjwa anayejua anachotaka. "Nataka tu nipendeze, wewe mtaalamu utajua" haina kitu cha kufanyia kazi. Anayesema hivyo ataipima kazi yako kwa kipimo kilichomo kichwani mwake, ambacho hujawahi kukiona.

Angalia pia nani anazungumza. Kama mume anajibu kila swali, au mama mkubwa, au rafiki aliyefanyiwa Istanbul, mwombe kwa adabu asubiri nje kidogo. Kisha uliza tena swali lile lile. Mara nyingi jibu hubadilika mlango ukishafungwa.

Hatua ya 2: Mpe kioo

Mpe kioo mkononi, mwambie: "Nionyeshe kwa kidole kimoja." Halafu tazama mkono wake kuliko uso.

Mgonjwa anayefaa anagusa mahali pamoja, anapasugua kidogo, anarudisha kioo mezani. Kazi imekwisha kwa sekunde kumi. Nimewaona wengine ambao kidole hakitui. Kinaanza kwenye ncha ya pua, kinapanda kwenye nyusi, kinashuka kwenye mdomo, kinarudi puani, na kioo hakirudi mezani. Ukiendelea kuuliza habari za dawa na magonjwa yeye bado anajiangalia, anageuza uso kwenye mwanga, anavuta ngozi. Wapo pia wanaokataa kukishika kabisa, wanakilaza kifudifudi juu ya meza.

Wewe nawe uone kinachoonyeshwa. Kama umetazama kwa makini, kwenye mwanga mzuri, na bado huoni anachokionyesha, usijilazimishe kukiona. Huwezi kurekebisha kitu usichokiona.

Hatua ya 3: Andika namba mbili

Daktari Mmarekani Mark Gorney aliacha mchoro mmoja rahisi ambao naupenda kuliko sura nzima za vitabu. Upande mmoja unaweka ukubwa wa kasoro kama unavyoiona wewe, upande wa pili unaweka ukubwa wa uchungu wa mgonjwa. Mimi naandika namba mbili kwenye kona ya faili, kila moja kati ya 1 na 10.

Kasoro 8, uchungu 4: huyu atashukuru hata ukimfikisha nusu ya safari. Kasoro 2, uchungu 9: simama. Hata ukifanya kazi safi kuliko zote ulizowahi kufanya, utakuwa umeondoa 2, na ile 9 itabaki vile vile au itapanda, safari hii ikiwa na jina lako. Zinazolingana katikati ndizo nyingi, na hizo huamuliwa na hatua zinazofuata.

Usibadilishe namba baada ya kumpenda mgonjwa. Ziandike mapema na uziache.

Hatua ya 4: Uliza "kwa nini sasa?"

Kasoro ina miaka 20. Kwa nini amekuja Jumanne hii?

Majibu mazuri yapo: amepata kazi na sasa ana akiba, watoto wamekua, amelitaka hili muda mrefu. Majibu ya kukusimamisha ni haya: mume ameoa mke wa pili, mchumba ameondoka, amefukuzwa kazi, amefiwa. Mjane aliyemaliza eda juzi, ile miezi minne na siku kumi, anaweza kukuambia yuko tayari, na uso wake utaonekana umechoka kweli. Huzuni huchosha uso. Mimi nasubiri angalau miezi 6 baada ya msiba au talaka, nikimwona mara moja moja katikati. Baadhi yao hurudi wakiwa na nia ile ile, nawafanyia. Baadhi hurudi kunisalimia tu.

Uliza pia kuna shughuli gani mbele. Bibi harusi aliyebakiza wiki 3 hapewi tarehe ya pua wala kope, hata familia nzima ije kukusihi. Michubuko huchukua wiki mbili hivi kuisha, lakini uvimbe wa pua, hasa yenye ngozi nene kama za wengi wetu, huendelea kushuka taratibu hata mwaka mzima na zaidi. Picha za harusi haziwezi kusubiri hivyo.

Kisha muulize anategemea nini kibadilike maishani. "Nitajisikia vizuri nikipiga picha" ni sawa. "Atarudi nyumbani" si kazi ya kisu, na ni lazima umwambie hivyo kabla hajalipa.

Hatua ya 5: Maswali manne ya moyoni

Kuna maradhi ya akili ambayo humfanya mtu aione kasoro ndogo, au isiyokuwepo, kuwa kubwa mno hadi inamtawala. Kwa watu wa kawaida yanawapata takriban 2 katika kila 100. Kwenye viti vya kliniki zetu idadi huwa kubwa mara kadhaa, kwa sababu hapa ndipo wanapokimbilia. Upasuaji kwa kawaida hauwaponyi. Wengi huhamisha wasiwasi kwenda sehemu nyingine ya uso, au humchukia aliyewafanyia.

Uliza kwa sauti ile ile unayoulizia pumu:

1. Kwa siku unatumia muda gani kuiwaza sehemu hii? (Saa 1 na zaidi, fungua masikio.)
2. Kuna mahali umeacha kwenda kwa sababu yake? Kazini, harusini, msikitini, kanisani, chuoni?
3. Unaifichaje? Unajitazama kwenye kioo mara ngapi?
4. Umewahi kujisikia huna haja ya kuishi, au kufikiria kujidhuru?

Swali la nne linawaogopesha madaktari vijana kuliko wagonjwa. Uliza. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, na wenye maradhi haya wako kwenye hatari kubwa ya kujiua. Akijibu ndiyo, habari ya pua imekwisha kwa leo. Hatoki kliniki peke yake mpaka umezungumza na daktari wa afya ya akili.

Namna ya kumpeleka ndiyo shughuli. Kwetu ukimtajia mtu Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu anasikia umemwita kichaa, na hutamwona tena. Mimi husema hivi: "Dada, nimeona jambo hili linakunyima usingizi na limekutoa kazini. Hilo peke yake ni maumivu, na yana tiba. Nataka mwenzangu akusaidie hayo kwanza. Kisu changu hakiwezi kuyafikia." Nisemayo ni kweli: dawa kama fluoxetine na tiba ya mazungumzo huwasaidia wengi.

Angalizo: kuwa na historia ya sonona au kutumia dawa za akili hakumfungii mtu mlango. Aliyetulia, anayefuatiliwa na daktari wake, mwenye ombi moja linaloeleweka, anaweza kuwa mgonjwa mzuri kuliko yule asiyewahi kumuona mtu.

Hatua ya 6: Mwili wake utahimili?

Hapa ndipo "bado" inafanya kazi kubwa zaidi.

*Tumbaku.* Usiulize "unavuta sigara?" Atasema hapana, na atakuwa mkweli, kwa sababu anavuta shisha. Taja moja moja: sigara, shisha, sigara za umeme, ugoro, kuberi, tambuu yenye tumbaku. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi uliyoinyanyua kwenye shavu inaishi kwa mishipa hiyo hiyo. Mwaka 1984 Tom Rees na wenzake wa New York walitazama wagonjwa 1,186 waliovutwa ngozi ya uso, wakakuta hatari ya ngozi kufa kwa wavutaji ni zaidi ya mara 12 ya wasiovuta. Rees huyu ni yule yule ambaye pamoja na madaktari wenzake wa upasuaji Michael Wood na Archibald McIndoe walianzisha huduma ya madaktari wa ndege iliyozaa Amref mwaka 1957, kwa hiyo elimu hii ina undugu na ardhi yetu.

Kanuni: wiki 4 bila nikotini kabla, wiki 4 baada. Vibandiko na bazoka za nikotini nazo ni nikotini. Kama unafanya upasuaji wa kunyanyua uso na una wasiwasi, pima mkojo. Kuna mara moja sikuupima, nilipokuwa bado kijana kwenye kazi hii. Mama alikuwa mtu mzima, mstaarabu, aliniambia ameacha. Siku ya tano ngozi ya nyuma ya sikio la kushoto ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau iliyokolea, na siku ya kumi ikawa nyeusi na ngumu kama ganda. Tulisafisha kidonda wiki 7. Mwanawe ndiye aliyeniambia habari ya shisha, barazani, kila jioni. Sikumuuliza kuhusu shisha. Kosa lilikuwa langu.

*Presha.* Damu kuvilia chini ya ngozi ndilo tatizo linaloongoza baada ya kunyanyua uso, mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza, na wanaume hupata zaidi. Kwenye kope, damu ikivuja nyuma ya jicho inaweza kuleta upofu. Ni nadra, ila ukiiona mara moja hutaisahau. Mwenye presha iliyo juu ya 140/90 mara kwa mara ni bado, arudi kwa daktari wake mpaka itulie. Muulize na mirungi, kwa sababu hupandisha presha na mapigo ya moyo, na wengi hawaihesabu.

*Dawa na mitishamba.* Aspirini huharibu kazi ya chembe za kugandisha damu, na inachukua siku 7 hadi 10 kupata nyingine mpya. Ibuprofeni na ndugu zake nazo zitaje. Kisha uliza vya nyumbani na vya madukani: vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki, ginseng, vitamini E, dawa ya sheikhe au ya mganga. Mimi huomba visimame wiki 2. Onyo: usimsimamishe mtu aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda aliyopewa kwa ajili ya moyo au kiharusi bila kuzungumza na aliyemwandikia. Sura haina thamani ya kiharusi.

*Sukari.* Usitosheke na kipimo cha asubuhi hiyo. Taka kile kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Mimi nikiona juu ya 8% nasema bado.

*Selimundu.* Pwani na kanda ya ziwa wapo wengi wenye ugonjwa huu, na wengine waliobeba kinasaba hawajijui. Pima kabla ya nusukaputi.

*VVU.* Si sababu ya kukataa. Anayetumia dawa vizuri, mwenye virusi vilivyofubazwa, apimwe kama wengine. Tena lipo kundi linalostahili huruma ya pekee: waliotumia stavudine, dawa ya VVU ya miaka ile, kabla Shirika la Afya Duniani halijashauri mwaka 2009 iondolewe. Mashavu yao yaliingia ndani, na mtaa mzima ukajua kwa kuwatazama tu. Mtu huyo akikuomba umjazie mashavu, kasoro ni 8 na haja yake ni ya haki.

*Mimba na kunyonyesha.* Bado. Vivyo hivyo anayepungua uzito kwa kasi, kwa sababu uso wake wa leo sio atakaokuwa nao baada ya miezi sita.

Hatua ya 7: Soma ngozi yake

Vua mtandio, nyanyua nywele, angalia ndewe za masikio, kovu la chanjo, kifua, mabega. Unatafuta keloidi, yale makovu yanayovimba na kutambaa nje ya mpaka wa jeraha. Kwa ngozi nyeusi ni ya kawaida. Uliza na ndugu zake: mama, dada, shangazi, nani alitoboa masikio yakavimba?

Keloidi begani haimaanishi hapana kwa kila kitu. Kope ni nadra sana kuota keloidi, na katikati ya uso kwa jumla ni pasalama kuliko masikio na ukingo wa taya. Kwa hiyo mwenye keloidi ya sikio anaweza kufanyiwa kope, ila kuvutwa uso, ambako mshono unazunguka sikio lile lile, kwake mimi nasema hapana.

Kisha mkorogo. Hapa wengi wanadanganywa, kwa sababu mgonjwa anaona aibu. Usimuulize kwa ukali. Tazama mikono: uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi. Tazama mishipa inayoonekana mashavuni, michirizi mapajani, mabaka ya kijivu au ya bluu kwenye mashavu. Krimu nyingi zina steroidi kali kama clobetasol, zina haidrokwinoni, na nyingine zina zebaki. Ngozi hukondeka, hupona polepole, mshono hauishiki. Na aliyejipaka steroidi mwili mzima kwa miaka anaweza kuwa amelaza tezi zake za adrenali, zikashindwa kuamka siku ya upasuaji na presha ikaanguka mezani. Kabla ya nusukaputi mpime kotisoli ya asubuhi, homoni inayotoka kwenye tezi hizo, na mwambie daktari wa usingizi.

Usimwambie aache ghafla leo. Mpeleke kwa daktari wa ngozi amshushe taratibu. Ni bado ya miezi, na mwambie ni miezi, asije akadhani ni wiki.

Na hata ngozi nzuri, mweleze kuwa ngozi yetu ikijeruhiwa huweza kuacha weusi mahali pale kwa muda mrefu. Asisikie habari hiyo baadaye.

Hatua ya 8: Kagua sehemu yenyewe

Kwa ufupi, kwa kuwa kila upasuaji una mwongozo wake.

Kope: pima uwezo wa kuona kila jicho peke yake. Weka kikaratasi cha machozi dakika 5 bila ganzi. Kikilowa chini ya milimita 10, tahadhari, kope ukiipunguza jicho litakauka. Mwambie afumbe macho, umnyanyue kope kwa kidole uone kama jicho linapanda juu. Vuta kope ya chini uiachie: ikichelewa kurudi, itaninginia baadaye. Kope moja inayoshuka zaidi jioni kuliko asubuhi inaweza kuwa ugonjwa wa misuli. Mwenye tezi ya shingo asubiri hali itulie angalau miezi 6.

Pua: apumue kila tundu peke yake. Kama hapumui vizuri na wewe umewaza urembo tu, utampendezesha ukamziba. Gusa ngozi ya ncha; nene haionyeshi michongo midogo, kwa hiyo usimwahidi.

Masikio yaliyochomoza: mtoto wa miaka 5 au 6 anaweza kufanyiwa, ila awe anataka mwenyewe. Mtoto asiyejali anayeletwa na mama mwenye wasiwasi ni bado.

Umri wa pua: subiri uso umalize kukua, wasichana miaka 15 au 16 hivi, wavulana 17 na kuendelea, tena kwa ridhaa ya mzazi na ya kijana mwenyewe. Mimi kwa urembo mtupu nasubiri 18.

Hatua ya 9: Piga picha, kisha zungumzeni juu ya picha

Mbele, nusu kushoto, nusu kulia, pembeni kushoto, pembeni kulia, na kwa pua chini. Bila vipodozi, bila tabasamu.

Halafu atoe simu akuonyeshe anachotaka. Akikuonyesha picha yake mwenyewe iliyosafishwa na programu ya simu, mweleze kuwa ile programu imefuta vinyweleo, imekuza macho na imepunguza taya kwa pamoja, na hakuna mshono unaofanya hivyo. Muulize: "Kati ya haya yote, kipi kimoja unachokitaka zaidi?" Akikitaja kimoja, endelea. Akisema yote, rudi hatua ya 3 uzitazame namba.

Akitaka pua ya mtu wa kabila au taifa jingine kabisa, zungumza naye taratibu. Wapo wanaotaka tu mbawa zipungue kidogo, na hilo linafanyika bila kumwondolea sura ya baba yake. Wapo wanaotaka wasionekane wametoka walikotoka. Hao siwakati.

Hatua ya 10: Mrudishe nyumbani

Usitoe tarehe siku ya kwanza. Usipokee amana siku ya kwanza. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza, katika kanuni zake za 2016, kinataka angalau wiki 2 kati ya mazungumzo na uamuzi. Kwetu naona zinafaa zaidi hata kuliko kwao, maana mtu anahitaji kuzungumza na mwenzake, na wengine wanataka kumuuliza sheikhe au mchungaji kama kubadili umbile kunafaa. Usimdharau kwa hilo. Anayekwenda mezani na dukuduku la dini, kovu likichelewa kupona atasema ni adhabu.

Akirudi, mwambie akueleze yeye: tutafanya nini, kovu litakaa wapi, nini kinaweza kuharibika. Akisema "sikumbuki, wewe fanya tu," ni bado.

Hatua ya 11: Toa jibu

Ndiyo, bado au hapana, kwa maneno hayo. Bado iwe na sharti na tarehe: "Wiki 4 bila shisha, presha chini ya 140/90, tuonane tarehe 12." Hapana iwe fupi na isiwe na mlango wa nyuma. Ukisema "labda baadaye" kwa mtu uliyeamua kutomfanyia kabisa, umemtesa. Sema: "Nimekutazama vizuri. Naamini nikikufanyia nitakuumiza bila kukusaidia, kwa hiyo sitakufanyia." Usimtajie bei kubwa ili akimbie. Kuna atakayekwenda kuuza kiwanja akarudi nayo.

Ukikwama

*Amepata majibu mazuri yote lakini moyo wako unakataa.* Mpe miadi ya tatu na mwombe mwenzako amwone bila kumwambia wasiwasi wako. Mkiungana, hapana.

*Amefanyiwa nje ya nchi na anataka urekebishe.* Kwa pua, subiri miezi 12 tangu ule upasuaji. Taka karatasi za hospitali ile. Sikiliza anavyomsema daktari wa kwanza: kama anamtukana na anakusifu wewe kuwa ndiye pekee utakayemwelewa, zamu yako ya kutukanwa inakuja.

*Ni shemeji wa mkuu wako wa kitengo.* Hatua zote 11, bila kuruka hata moja. Mweleze mkuu mapema kwamba mgonjwa atapewa miadi mbili kama wengine.

*Anakana mkorogo au tumbaku na wewe una shaka.* Usibishane. Pima mkojo, pima kotisoli, na mwambie vipimo hivi unawafanyia wote. Basi uwafanyie wote kweli.

*Amekataliwa, analia, anasema atakwenda kwa mwingine.* Mwache alie, mpe maji, kaa naye. Muulize tena swali la nne la hatua ya 5. Mwandikie muhtasari wa ulichokiona auchukue, na mwambie kliniki yako iko wazi akitaka kuja tu kuzungumza. Kisha jioni ile mpigie simu mwenyewe, usimtume nesi.